Francis Schaeffer, uhai wa mtoto tumboni na kura ya Mkristo

Kila uchaguzi unapokaribia, sisi wachungaji wa kanisa za mashariki tunaulizwa maswali yale yale. Mkristo ampigie nani kura? Je, mgombea aruhusiwe kusimama mimbarani siku ya yenga na kusalimia waamini? Na sheria ya nchi ikiruhusu jambo ambalo Neno la Mungu linalikataza, tufanye nini? Tangu 2018, Protokali ya Maputo ilipotangazwa katika Gazeti Rasmi la nchi yetu, limeongezeka swali la kutoa mimba, kwa sababu Protokali hiyo inaruhusu jambo hilo katika hali fulani: mwanamke aliyebakwa, mimba ya ndugu wa damu, au uhai na afya ya mama vikiwa hatarini. Sisi tunaoishi mahali ambapo kubakwa si habari ya mbali tunajua kwamba swali hili halijibiwi kwa kelele.

Katika kulijibu, mara nyingi tunashika hoja zilizotoka Marekani bila kujua zimepitia mikono ya nani. Sehemu kubwa ilipitia mikono ya mchungaji mmoja, Francis Schaeffer. Waliosoma shule ya teolojia wamekutana na jina lake, lakini maisha yake hayasimuliwi sana kwetu. Tumeona vema kuyaeleza, pamoja na pale ambapo hatuwezi kumfuata.

Alizaliwa tarehe 30 Januari 1912 Germantown, mtaa wa mji wa Philadelphia, mtoto wa pekee. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za mikono, na nyumbani hakukuwa na imani yenye moto. Kijana alikwenda kanisani, lakini mahubiri aliyoyasikia hayakumpa jibu lo lote. Alipokuwa na miaka 17 alimfundisha Kiingereza mhamiaji mmoja kutoka Urusi. Akaenda dukani kununua kitabu cha kuanza kusoma, na kwa makosa wakamfungia kitabu cha filosofia ya Wayunani. Akakisoma. Akaona kwamba Wayunani walijua kuuliza maswali makubwa, lakini majibu yao hayakumtosha. Mbele ya kuitupa dini kabisa, akaamua kuisoma Biblia tangu Mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, kama mtu anavyosoma kitabu kingine cho chote. Baada ya miezi kama sita, mwaka 1930, alikuwa mwamini.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaeleza mtindo wake wote wa baadaye. Wahubiri wengi huanza na dhambi, au na msalaba. Yeye siku zote alianza na sura ya kwanza ya Mwanzo: Mungu yuko, amesema, na amemuumba mtu kwa mfano wake. Mengine yote aliyasimamisha juu ya msingi huo, na habari za korti na kura alizisimamisha hapo hapo.

Baba alitaka mwanawe awe fundi. Francis akaanza masomo ya uinjinia, kiisha akaomba kwenda chuo cha Hampden-Sydney, katika jimbo la Virginia, ajitayarishe kwa uchungaji. Asubuhi ya safari baba akamwambia wazi kwamba hataki mtoto mchungaji. Kijana akaomba dakika chache, akashuka katika chumba cha chini ya nyumba, akaomba akilia, na hata akarusha sarafu mara tatu akimwomba Mungu amwonyeshe njia, jambo ambalo sisi hatulifundishi katika darasa la wakatekumeni. Mara zote tatu sarafu ilianguka upande wa kwenda. Akapanda, akamwambia baba kwamba ni lazima aende. Baba akatoka akiubamiza mlango, lakini mlango haujafunga vizuri ikasikika sauti yake ikisema kwamba atalipa nusu ya mwaka wa kwanza. Miaka mingi baadaye baba huyo naye alimwamini Kristo.

Kule Virginia, kila siku ya yenga, mwanafunzi Schaeffer alitembea kwa miguu hadi kanisa dogo la watu Weusi kufundisha watoto. Ilikuwa kusini mwa Marekani katika miaka ya 1930, wakati Mweupe na Mweusi hawakuketi benchi moja.

Alimaliza chuo mwaka 1935, na mwaka huo huo akamwoa Edith Seville, binti wa wamisionari, aliyezaliwa Wenzhou, China. Walikuwa wamekutana katika mkutano wa kanisa ambapo msemaji alikana kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu. Francis alisimama kumjibu, na baada yake akasimama Edith. Hivyo ndoa yao ilianzia katika mabishano ya imani. Wote waliopita katika nyumba yao wanashuhudia kwamba bila mama huyu kusingekuwa na kazi ya kusimulia.

Akaingia seminari ya Westminster, iliyoanzishwa na watu waliotoka katika Kanisa la Presbiteri kwa kutetea mafundisho ya asili. Mwaka 1937 waliotoka nao wakagawanyika. Schaeffer akafuata waliotoka katika waliotoka, na mwaka 1938 akawa mtu wa kwanza kuwekewa mikono ya uchungaji katika kanisa lao jipya, Bible Presbyterian. Akatumika Pennsylvania, kwanza Grove City, kiisha Chester kati ya watu wa kazi za mikono, na tangu 1943 mji wa St. Louis. Kanisa zetu zinajua historia za namna hii. Kila upande hutoka ukiwa na aya zake mkononi, na baada ya miaka kumi majengo yanatazamana barabara moja na watu hawasalimiani.

Baada ya vita, mwaka 1947, alitumwa kuzunguka Ulaya kutazama hali ya kanisa, na mwaka 1948 akahamia Uswisi na mke na mabinti watatu. Huko kijijini Champéry, mwaka 1951, imani yake ilitikisika. Sababu haikuwa kitabu cha mpinga Mungu. Alitazama ndugu aliotumika nao, watu walioshika mafundisho safi, akaona upendo ni kidogo kati yao, kisha akajitazama mwenyewe akaona hali ni ile ile. Akamwambia mkewe kwamba ni lazima arudi nyuma kabisa kwenye mwanzo na kuuliza upya kama Ukristo ni kweli. Miezi mingi alitembea milimani, na mvua iliponyesha alitembea ndani ya ghala la majani makavu, akifikiri na kuomba. Alitoka humo akiwa na uhakika, na tangu hapo alifundisha kwamba ukweli usio na upendo unaonekana, machoni pa watu wa nje, kama uongo.

Mwaka 1955 wakapata barua ya serikali: wahame, kwa sababu ya mvuto wao wa dini kijijini. Mtu mmoja wa heshima wa Champéry alikuwa ameongoka kupitia kwao, na jimbo la Valais lilikuwa la Kikatoliki. (Hatutafuti ugomvi hapa na ndugu Wakatoliki, mtaona kwamba katika habari ya uhai wao ndio waliotutangulia.) Walipewa wiki sita tu. Wakapata nyumba ya mbao katika kijiji cha Huémoz, jimbo la Vaud, franga zikafika kidogo kidogo kutoka kwa watu waliosikia habari zao, na ruhusa ya kukaa ikapatikana. Wakaacha mshahara wa misioni, wakaanza kazi waliyoiita L'Abri. Wanaosoma Kifaransa kati yetu wanalijua neno hilo, na ndugu zetu waliokimbia vita wanalijua zaidi, maana kibanda cha turubai wanacholalia kambini nacho kinaitwa abri.

Kazi yenyewe ilikuwa meza. Wanafunzi walipanda mlima, wengine wakiwa na madawa ya kulevya mwilini, wengine wakiwa wamekata tamaa ya kuishi, wengine hawaamini kitu. Edith alipika. Schaeffer alijibu maswali saa nyingi, hata usiku wa manane. Hawakutuma watu kuomba michango. Waliomba kwa Mungu wapewe wageni na chakula cha kuwapa. Wala si kwamba nyumba ilikuwa mbinguni. Mzee alikuwa na hasira kali na siku za giza moyoni, na watoto wake walizijua. Lakini mtu aliyefika na swali la aibu hakufukuzwa, na hata mambo yalipofika ndani ya familia yao wenyewe ilikuwa hivyo: mwaka 1970 mwanawe Frank, akiwa bado kijana sana, akawa baba. Msichana akapokelewa, mtoto akazaliwa, wakaoana. Frank mwenyewe ameandika kwamba kumshika mtoto yule ndiko kulikomfanya aione habari ya kutoa mimba kuwa vita yake.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 22 Januari 1973, Korti Kuu ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Roe na Wade, iliyotoka Texas. Waamuzi ni tisa. Saba walikubali, wawili walikataa. Walisema katiba inalinda haki ya mwanamke kutoa mimba, na jimbo lisiweze kuizuia katika miezi mitatu ya kwanza. Sheria za majimbo mengi zilianguka siku moja.

Sasa, wengi wetu tunafikiri kwamba Waprotestanti wa Marekani walipiga kelele kesho yake. Hapana. Walionyanyuka walikuwa Wakatoliki. Waprotestanti wengi wenye msimamo wa asili waliona hilo ni jambo la Roma, au ni siasa, na siasa ni chafu. Wabatisti wa Kusini, kundi kubwa kuliko yote kati yao, walikuwa wamekutana St. Louis mwezi Juni 1971 na kupitisha azimio lililounga mkono sheria ya kuruhusu kutoa mimba katika hali kadhaa, hata kwa sababu ya afya ya moyo ya mama. Schaeffer naye alichelewa. Ilikuwa 1976, katika filamu yake juu ya historia ya Ulaya, ndipo aliposema wazi juu ya hukumu ile, na hata hapo ni mwanawe aliyemsukuma. Mzee aliogopa kuonekana mtu wa siasa.

Alipoanza kusema, hakuanza na mtoto tumboni. Aliuliza mtu anapata wapi thamani yake. Kama ameumbwa kwa mfano wa Mungu, thamani hiyo imo ndani yake kabla ya kuzaliwa, akiwa mgonjwa, akiwa mzee asiyejijua tena. Kama hakuna Mungu, thamani inagawiwa na mwenye nguvu, naye anaweza kuichukua kesho. Mwenye nguvu huyo anaweza kuwa mfalme, au waamuzi tisa wasiochaguliwa na raia, au hata wengi katika kura. Hapa Schaeffer hakuwapendelea wapiga kura: alifundisha kwamba watu 51 katika 100 hawawezi kugeuza uovu kuwa haki, kama vile korti haiwezi. Alipenda uchaguzi huru, lakini alikataa kwamba uchaguzi ndio unaozaa ukweli. Aliona kwamba nchi ikishasahau Muumba, sheria hugeuka kuwa maoni ya wakubwa wa wakati ule. Akatabiri kwamba baada ya mtoto tumboni watafuata mtoto mchanga mwenye kilema, kisha mzee.

Tukisoma hayo tunakumbuka kwamba katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 16, inasema mwanadamu ni mtakatifu na serikali ina wajibu wa kumheshimu na kumlinda. Maneno ni mazuri kuliko ya katiba nyingi. Wanaochinjwa usiku katika mashamba ya Beni wako chini ya kifungu hicho hicho.

Aliyesimama pamoja naye alikuwa daktari C. Everett Koop, mpasuaji wa watoto huko Philadelphia, aliyepasua watoto wachanga ambao madaktari wengine waliwaacha wafe. Walijuana tangu Koop alipomtibu binti mkubwa wa Schaeffer kabla ya familia kwenda Ulaya. Mwaka 1979 wakatoa kitabu na filamu ya sehemu tano juu ya kutoa mimba, kuua watoto wachanga na kuharakisha kifo cha wazee. Katika filamu, Koop anasimama kwenye ukingo wa chumvi wa Bahari ya Chumvi, katikati ya vibandia vingi vya watoto vilivyotawanyika, kuonyesha hesabu ya waliokufa. Walizunguka miji ya Marekani kuionyesha. Katika kumbi nyingi viti vilibaki vitupu. Watu waliojaa kusikiliza habari za historia na sanaa hawakutaka kusikia hizi. Schaeffer alifanya safari hizo akiwa tayari mgonjwa, maana mwaka 1978 alikuwa amekutwa na kansa ya tezi.

Jambo moja katika mafundisho yao hutajwa kidogo mno na wanaomtumia leo. Walisema kwamba kumwambia mwanamke mwenye mimba asiitoe, bila kuwa tayari kumsaidia, ni ukatili wa namna nyingine. Kanisa linalosema hapana ni lazima lifungue nyumba, litoe kitanda, litoe franga, litunze mtoto na mama yake baada ya kuzaa. Walikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa meza ya Huémoz ilikuwa imefanya kazi tangu 1955. Sisi katika parokia zetu tuna msichana wa kwaya anayeondolewa mbele tumbo linapoonekana, na kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga gitaa. Haturefushi neno hapa. Kila mzee wa kanisa anajua majina.

Ukaja uchaguzi wa 1980. Rais Carter alikuwa Mbatisti aliyefundisha Biblia katika kanisa lake. Mpinzani wake, Ronald Reagan, akiwa gavana wa California mwaka 1967, alitia sahihi sheria iliyopanua ruhusa ya kutoa mimba, na baadaye akasema anajuta. Wakristo wengi wa msimamo wa asili walimwacha mwalimu wa Biblia wakamfuata Reagan, na tarehe 4 Novemba akashinda. Chama cha Moral Majority, alichokianzisha mchungaji Jerry Falwell mwaka 1979, kilijivunia ushindi huo. Schaeffer alimfahamu Falwell, alihubiri kanisani kwake, na alimsifu kwa kuwaamsha watu waliolala. Lakini katika siku hizo hizo aliandika onyo: Wakristo wasiichanganye nchi yao na Ufalme wa Mungu, wala wasiifunike imani kwa bendera ya taifa. Alisema pia kwamba kanisa la Marekani lilikuwa limenyamaza juu ya utumwa, juu ya ubaguzi wa rangi, na juu ya matajiri wasio na huruma, na kwamba kunyamaza huko ni dhambi ile ile ya kudharau mfano wa Mungu. Mwanafunzi aliyetembea kwa miguu kwenda kanisa la Weusi alikuwa bado yumo ndani ya mzee huyu.

Onyo lile wengi hawakulisikia. Na sisi je? Tumeona vitenge vya kampeni vikigawiwa mlangoni pa kanisa, na mabati ya paa yakija mwezi wa uchaguzi. Watu wa mashariki tunajua thamani ya kura kwa kunyimwa kwake. Desemba 2018 Beni na Butembo waliondolewa katika uchaguzi wa rais kwa sababu ya Ebola na usalama mdogo, na watu wa Beni wakapanga foleni wakapiga kura zao wenyewe ambazo hazikuhesabiwa. Desemba 2023 ikawa zamu ya Masisi na Rutshuru. Watu waliolilia kura hivyo wasiiuze kwa kitenge.

Turudi kwa waliomchagua Reagan. Walitumaini kwamba rais atachagua waamuzi, na waamuzi watafuta hukumu ya 1973. Mwamuzi wa kwanza aliyemchagua, mwaka 1981, alikuwa Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza katika korti ile. Mwaka 1992, katika kesi ya Casey, mama huyo pamoja na wenzake wawili, wote wakiwa wamewekwa na marais wa chama kile kile, waliandika hukumu iliyoutetea moyo wa Roe. Ilichukua miaka mingine thelathini: tarehe 24 Juni 2022 korti ikaifuta Roe na kurudisha jambo hilo kwa majimbo. Wengine wakaimba kwamba vita imekwisha. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule raia wa Kansas, jimbo ambalo kwa kawaida humpigia kura mgombea wa chama cha Reagan, waliulizwa kama waondoe ulinzi wa kutoa mimba katika katiba yao. Karibu 59 katika 100 walikataa. Katika miaka hamsini waliotetea mtoto tumboni walikuwa wamepata waamuzi, lakini hawakuwa wamepata jirani zao.

Mwaka 1981 Schaeffer alitoa kitabu chake cha mwisho chenye nguvu, ilani ya Kikristo juu ya serikali na sheria. Humo alimfufua Samuel Rutherford, mchungaji wa Scotland, aliyeandika mwaka 1644 kwamba sheria iko juu ya mfalme, si mfalme juu ya sheria. Kitabu cha Rutherford kilichomwa moto hadharani mwaka 1660, naye akafa kabla ya kuhukumiwa kwa uhaini. Kutoka kwake Schaeffer alifundisha kwamba serikali ikiamuru kinyume cha Mungu, Mkristo ana wajibu wa kutotii, kama mitume katika Matendo sura ya 5. Kwanza apinge kwa sheria, kortini na kwa kura. Ikishindikana akimbie. Na mwisho kabisa, alisema, kuna wakati nguvu inaruhusiwa kujilinda.

Hapa ndipo tunapomsoma kwa tahadhari. Wanahistoria Wakristo, wakiwemo Mark Noll na George Marsden, walimwandikia wakimwambia kwamba amekuza mno habari ya Marekani kuwa nchi iliyojengwa juu ya mafundisho ya Matengenezo. Naye hakupenda kusahihishwa. Yeye mwenyewe alionya dhidi ya watu wenye haraka ya vurugu, na maandamano aliyoyafikiria yalikuwa ya kuketi mlangoni bila silaha. Walakini sentensi ikishatoka kinywani haina mlinzi. Katika nchi yetu, ambapo kila kundi lenye bunduki linasema linajilinda, na mengine yana mwombaji wao anayebariki risasi, fundisho la nguvu ya mwisho si la kumpa kijana wa miaka kumi na saba Masisi au Djugu. Rutherford aliandika juu ya bunge na mahakimu wanaomzuia mfalme; hakuandika juu ya kila mtu kujifanya mfalme wa kilima chake. Schaeffer, aliyeishi katika nchi ambayo korti zinasikilizwa hata na wanaozichukia, hakuhitaji kueleza tofauti hiyo kwa nguvu. Sisi tunahitaji.

Mwezi wa Aprili 1982, Bloomington katika jimbo la Indiana, alizaliwa mtoto mwenye ugonjwa wa Down, na umio wake haukuungana na tumbo, hata hakuweza kumeza. Upasuaji ulikuwepo, Koop alikuwa ameufanya mara nyingi. Wazazi wakakataa asipasuliwe wala asilishwe. Jambo likapelekwa kortini, na mwamuzi akasema wazazi wana haki. Korti ya juu ya jimbo haikuingilia. Familia nyingine zikajitolea kumchukua. Wanasheria walikuwa njiani kupeleka kesi katika Korti Kuu ya nchi wakati mtoto alipokufa, akiwa na siku sita. Jina lake halikutangazwa. Wale walioacha viti vitupu mwaka 1979 sasa walikumbuka filamu ile. Koop wakati huo alikuwa mkuu wa afya ya umma wa Marekani, kwa uteuzi wa Reagan, na akaanza kutafuta sheria ya kulinda watoto wa namna hiyo.

Schaeffer alikuwa akienda na kurudi kati ya Uswisi na hospitali ya Mayo, mjini Rochester, Minnesota. Mwisho wa 1983 alisafirishwa kutoka Ulaya akiwa karibu kufa, akapata nafuu kidogo, akasimama tena kuhubiri katika vyuo vya Kikristo mapema 1984, wakati mwingine akibebwa. Madaktari walipomaliza la kufanya, Edith aliomba arudishwe nyumbani, katika nyumba yao ya Rochester, alazwe mahali anapoweza kuona nje na kusikia muziki alioupenda. Alikuwa amefundisha kwa miaka kadhaa kwamba uhai usiharakishwe kufa. Vilevile hakutaka mashine za kurefusha kufa. Alifariki tarehe 15 Mei 1984, akiwa na miaka 72.

Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule sheria ilitiwa sahihi: kumnyima matibabu yanayofaa mtoto mchanga mwenye kilema kukahesabiwa kuwa ni kumtesa mtoto. Frank, mwana aliyemsukuma babaye kusema, baadaye aliuacha upande huo wa siasa na kuandika vitabu vya kuulaumu. Edith aliishi hadi 2013. Nyumba ya Huémoz ingali ikipokea wageni, na anayefika hupewa nusu siku ya masomo na nusu siku ya kazi, bustanini au jikoni kuosha vyombo.